Visukuku vya Nyanda za Juu Kusini: maswali ninayoulizwa kila mara

Nafundisha jiografia hapa Mbeya, na karibu kila mwaka tunapakia wanafunzi kwenye basi alfajiri kwenda kuona Isimila, lile korongo la zana za kale za mawe karibu na Iringa. Mwalimu akishajulikana kwamba anapenda mawe, basi hana likizo tena. Watu wanamletea mawe ndani ya mifuko, wanamtumia picha usiku wa manane, wanamsimamisha sokoni Mwanjelwa wamalizie ubishi ulioanzia kwenye kahawa. Nimekusanya hapa maswali yanayojirudia. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu yanastahili, mengine kwa mistari miwili tu.

Kisukuku ni mfupa au ni jiwe?

Ni mabaki au alama ya kiumbe cha kale iliyohifadhiwa ardhini. Mfupa ukifukiwa upesi na tope au mchanga kabla fisi na jua havijaumaliza, maji ya ardhini hupenya kwenye vitundu vyake na kuacha madini humo, kidogo kidogo, kwa maelfu na mamilioni ya miaka. Mwishowe unabaki na kitu chenye umbo la mfupa na uzito wa jiwe.

Lakini usifikirie mifupa tu. Unyayo ni kisukuku. Alama ya jani ni kisukuku, na hata mavi yakigeuka jiwe yanahesabiwa. Makaa ya mawe ya Kiwira na Mchuchuma nayo ni mimea iliyozama kwenye vinamasi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla dinosaria hata mmoja hajatokea. Mtu anabeba visukuku kwa lori halafu ananiuliza kama vipo mkoani kwetu.

Nimeokota kitu kama mfupa. Nitajuaje kama ni kisukuku?

Hili ndilo linaloongoza. Anza na kitu unachokijua: mfupa wa supu. Ukiukata karibu na kiungo unaona ganda gumu kwa nje, na ndani nyavunyavu kama sifongo. Kisukuku cha mfupa kina sura hiyohiyo hata baada ya miaka milioni mia. Kitazame pale kilipovunjika, kwenye mwanga mzuri, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia. Kama ndani ni chembechembe zinazometa au rangi moja tupu bila nyavu, yaelekea ni jiwe la kawaida.

Wanaofanya kazi ya kutafuta mifupa wana mbinu nyingine inayochekesha watu: wanalamba. Mfupa wa kale una vitundu, kwa hiyo hunata kidogo kwenye ulimi, wakati kokoto la mtoni huteleza. Mbinu nzuri, ila kwetu inadanganya. Lile jiwe jepesi la kusugulia miguu, linaloelea kwenye beseni, ni povu la volkano lililoganda, nalo limejaa vitundu kila mahali. Nimeshaletewa “fuvu la mtoto wa dinosaria” ambalo lilikuwa jiwe la namna hiyo, na mwenyewe alilisafirisha kutoka Rungwe akiwa amelifunga kwenye kanga.

Yapo mengine mawili yanayowapoteza watu sana. Kwanza “mayai”: mawe ya mviringo yanayotoka ndani ya mwamba. Mengi ni madini yaliyogandana kuzunguka kiini fulani tabaka kwa tabaka, na hayana uhusiano na yai lolote. Pili ni michoro myeusi kama jani la kangaga juu ya jiwe. Ni mizuri kweli, lakini mara nyingi ni madini ya manganizi yaliyopenya kwenye ufa na kutawanyika kama matawi. Jani halisi lina mshipa wa katikati na vishipa vinavyotoka kwa mpangilio. Mchoro wa madini huanzia kwenye ufa na kusambaa ovyo.

Na tafadhali, usikisugue kwa brashi ya waya, usikiloweke kwenye ndimu, wala usikigandishe kwa gundi ya viatu.

Kamwene mwalimu, mbona sisi Iringa mjini tuna mawe makubwa hivi lakini hakuna visukuku?

Kamwene. Ni kwa sababu ya aina ya jiwe. Jiwe la Gangilonga na ndugu zake ni matale, yaani mwamba uliotokana na ujiuji wa moto uliopoa ndani kabisa ya ardhi. Kule hakuna kiumbe aliyeishi wala kuzikwa. Unaweza kulipasua Gangilonga lote usipate hata jino la panya.

Tukuyu nako pagumu kwa sababu nyingine. Ardhi ile ni zao la volkano za Rungwe na jirani zake, miamba michanga kwa hesabu za dunia. Ukitaka mifupa ya kale tafuta miamba ya mashapo, ile ya mchanga, tope na udongo uliotuama mtoni au ziwani ukashikana. Kwetu ipo kwa wingi sehemu mbili: bonde la Songwe kuelekea Ziwa Rukwa, na bonde la Ruhuhu kuelekea Ziwa Nyasa. Isimila ni mashapo pia, ila ya juzijuzi.

Kwa hiyo mtu akiniambia ameokota mfupa wa dinosaria, swali langu la kwanza ni umetoka wapi. Jina la mnyama litafuata baadaye.

Ni kweli Mbeya kuna dinosaria, au ni maneno ya vijiweni?

Ni kweli, ingawa tangu mkoa ulipogawanywa ndugu zetu wa Songwe wanatukumbusha kila siku kwamba wengine ni wa kwao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio cha Marekani na wenzao wa Tanzania wamefanya kazi katika bonde la Rukwa kwa miaka mingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kinachonifurahisha ni majina waliyotoa. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayasoma bila kamusi.

Shingopana songwensis alitangazwa mwaka 2017. Hilo halihitaji tafsiri. Mifupa yake ilikutwa na vitobo vya wadudu waliouchimba mzoga kabla haujafukiwa vizuri, kwa hiyo tunajua mazishi yake yalichelewa. Mnyamawamtuka moyowamkia alitangazwa mwaka 2019, naye ni mnyama wa mto Mtuka, ambaye pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Mwenzao Rukwatitan bisepultus ni wa mwaka 2014, na hilo jina lake la pili ni Kilatini lenye maana ya aliyezikwa mara mbili. Wote watatu ni wa kundi la wala majani wakubwa wenye shingo ndefu.

Mimi lakini kipenzi changu si dinosaria. Ni Pakasuchus kapilimai, mamba mdogo wa ukubwa wa paka, aliyetangazwa mwaka 2010 na aliyeishi takribani miaka milioni 105 iliyopita. Mamba unaowajua wana meno yanayofanana, ya kushikia tu, halafu wanameza mapande. Huyu alikuwa na meno ya mbele ya kuchoma na ya nyuma ya kutafunia, kama ya mamalia. Hakuwa mtu wa kulala majini siku nzima. Mwili ulikuwa mwepesi na miguu ya kukimbilia nchi kavu. Jina la pili ni heshima kwa marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nikimaliza kumweleza darasani, huwa kuna mtoto anayeuliza kama angeweza kufugwa.

Na yule wa Ludewa, ndiye dinosaria wa kwanza duniani?

Hapa ndipo ubishi unapokuwa mtamu. Bonde la Ruhuhu liko mpakani, upande mmoja Ludewa mkoani Njombe, upande wa pili Ruvuma. Miamba yake inayoitwa ya Manda ni mizee kuliko ile ya Songwe kwa zaidi ya miaka milioni 100.

Mwaka 1933 Mwingereza Rex Parrington alipita huko akakusanya mifupa, ikaenda Uingereza. Sehemu ya mifupa ya miaka hiyo ilikaa makumbusho jijini London miongo kadhaa. Mwaka 2012 mtafiti Sterling Nesbitt na wenzake wakatangaza mmoja wao rasmi: Nyasasaurus parringtoni, wa takribani miaka milioni 243. Kama ni dinosaria, basi anawatangulia dinosaria wa kale wa Argentina kwa miaka milioni 10 hadi 15.

Hilo “kama” ndilo zito. Anajulikana kwa mfupa mmoja wa mkono wa juu na pingili kadhaa za uti wa mgongo. Mfupa wa mkono una dalili za kidinosaria, kwa mfano tuta refu la kushikia misuli, lakini nyonga, ambayo ingemaliza kesi, haijapatikana. Watangazaji wenyewe waliandika kwa uangalifu: ama ni dinosaria wa kwanza, ama ni ndugu wa karibu kabisa wa dinosaria. Sisi huku mtaani tukaliruka neno “ama”. Nami nimekuwa upande wa shabiki mara nyingi tu, siwezi kujificha, lakini ukiniuliza nikiwa nimeshika chaki nitakuambia kesi haijafungwa.

Usimchanganye na Asilisaurus kongwe wa mwaka 2010, kutoka miamba hiyohiyo. Huyo ana mifupa ya wanyama wasiopungua 14, kwa hiyo anajulikana vizuri, na watafiti wengi wanamweka nje kidogo ya kundi la dinosaria. Ni kama mtoto wa baba mdogo.

Halafu kuna Teleocrater, ambaye kwangu ndiye kisa kikubwa kuliko wote. Mifupa yake ya kwanza ilikuwa kwenye mzigo uleule wa Parrington, na mtafiti aliyeisoma miaka ya 1950, Alan Charig, alikosa sehemu muhimu kama kifundo cha mguu. Ikabaki kitendawili. Mwaka 2015 watafiti wakarudi Ruhuhu, na jirani na pale pa mwanzo wakapata mifupa zaidi, ikiwemo ile iliyokosekana. Mwaka 2017 akatangazwa: mla nyama wa miguu minne, mwenye shingo ndefu, ambaye kifundo chake ni cha mtindo wa mamba ingawa yuko kwenye ukoo wa dinosaria na ndege. Vitabu vikabidi vibadilishwe. Kilichowarudisha pale baada ya miaka zaidi ya 80 ni kwamba kuna mtu alikuwa ameandika mifupa ilikotoka.

Kimondo cha Mbozi ndicho kilichoua dinosaria?

Hapana, na ninaomba waongozaji wa safari za shule waache kusema hivyo. Kile kilichopiga Mexico, Chicxulub, miaka milioni 66 iliyopita kilikuwa na upana wa takribani kilomita 10 na kikaacha shimo la kilomita karibu 180. Cha Mbozi ni kipande cha chuma chenye nikeli, urefu mita tatu na kitu, uzito unaotajwa ni tani 16. Kwa gari hutoboi nacho hata hadi Vwawa, lakini kwa dunia ni kokoto. Wala hakikuacha shimo linaloonekana. Lile handaki unaloliona kukizunguka lilichimbwa na watu, baada ya kujulikana kwa wageni mwaka 1930, ili waone kimeishia wapi.

Binadamu na dinosaria waliwahi kukutana?

Hapana. Kati yao kuna zaidi ya miaka milioni 60. Ila kuku uliyemla Jumapili ni uzao wa dinosaria, kwa hiyo jibu linategemea unauliza kwa nia gani.

Isimila waliishi majitu? Yale mashoka mbona makubwa vile?

Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja aliyekuwa akipita njia hii aliona zana za mawe kwenye korongo, kilomita kama 20 kutoka Iringa ukielekea Mbeya. Mwaka 1957 na 1958 Clark Howell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago wakachimba. Umri unaotajwa sana ni takribani miaka 260,000.

Ukisimama pale chini kwenye mchanga wa korongo, zana zimelala wazi: umbo la chozi, zimechongwa pande zote mbili, ukingo bado unakwaruza kidole. Nyingi zinakaa vizuri kiganjani. Zipo kubwa mno, na hizo ndizo zinazozaa hadithi za majitu. Lakini ukubwa wa zana si ukubwa wa mtu. Nyundo ya kupasulia kokoto ni kubwa kuliko ya fundi saa, na mafundi wote wawili ni watu wa kawaida.

Waliozitengeneza ni zamadamu, yaani watu wa kale sana, na mifupa yao wenyewe haikupatikana pale. Ya wanyama ilipatikana, ikiwemo ya kiboko wa aina iliyokwisha toweka, ambaye macho yake yalinyanyuka juu ya fuvu kiasi kwamba aliweza kuzama karibu mwili mzima na bado akakutazama.

Zile nguzo za udongo zinazopigwa picha na kila mtu hazikujengwa. Mvua imekata mashapo laini, na sehemu zilizokingwa na mawe magumu juu yake zikabaki zimesimama.

Fuvu la Mkwawa pale Kalenga ni kisukuku?

Si kisukuku. Mkwawa alifariki mwaka 1898, fuvu lilirudishwa mwaka 1954, na bado ni mfupa. Ila swali lina akili kuliko linavyoonekana, kwa sababu Mlambalasi, mahali alipojiua, kuna pango la mwamba ambamo wanaakiolojia wamechimba zana za mawe, shanga za maganda ya mayai ya mbuni na mifupa ya watu waliozikwa maelfu ya miaka kabla yake. Historia ya Wahehe inakaa juu, Zama za Mawe zipo hatua chache chini ya miguu yako.

Kwa hiyo mtu ametokana na nyani?

Swali hili likiulizwa kwenye daladala shuka mapema.

Sayansi haisemi kwamba nyani wa leo ni babu yako. Inasema mna babu mmoja wa zamani sana, kama wewe na mtoto wa shangazi yako: hakuna aliyemzaa mwenzake, bali mna bibi mmoja. Na mkoa wetu una ushahidi wake. Mwaka 2013 Nancy Stevens na wenzake walitangaza mataya mawili kutoka miamba ya Nsungwe, bonde la Rukwa: Rukwapithecus, wa upande wa sokwe na watu, na Nsungwepithecus, wa upande wa nyani na tumbili. Huyo wa pili ni kipande cha taya chenye jino moja. Wote wana umri wa miaka milioni 25.2, maana yake wakati huo koo hizo mbili zilikuwa zimekwisha achana. Wazazi wakinipigia kuuliza nawafundisha nini watoto kuhusu uumbaji, nawaambia nafundisha taya. Mengine ni ya kanisani na msikitini, na nakwenda huko pia.

Hiyo miaka mnaipimaje? Milioni 25.2 na nukta juu!

Si kwa kaboni. Kaboni inaishia karibu miaka 50,000, haifai hata kwa Isimila. Kwa miamba mizee tunashukuru volkano. Majivu yakianguka yanatandika tabaka, na ndani yake kuna chembe za madini zenye urani inayogeuka madini ya risasi kwa mwendo unaojulikana. Unapima kilichogeuka na kilichobaki. Kisha mfupa uliokuwa kati ya tabaka mbili za majivu unapata umri wake kwa kubanwa juu na chini. Tazama hapo: anayepimwa ni udongo uliouzunguka mfupa, mara nyingi si mfupa wenyewe. Ukiung’oa na kuondoka nao umeacha saa yake nyuma.

Mjusi wa Tendaguru arudishwe?

Tendaguru ni Lindi, si huku, lakini kila mtu ana maoni. Wajerumani walichimba mwaka 1909 hadi 1913, wakatoa takribani tani 250 za mifupa, iliyobebwa na wapagazi hadi bandarini. Mjusi mwenyewe, Giraffatitan, amesimama Berlin, urefu wa kwenda juu mita 13.27. Wachimbaji walikuwa watu wetu kwa mamia, na msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikuwa na jicho la mifupa ambalo wataalamu wenyewe walilitegemea.

Msimamo wangu: kama hatuna jengo, tujenge, na kama hatutaki kujenga tupunguze kelele. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtoto wa Lindi hana hata mfano wa plasta wa kuugusa. Karonga, hapo ng’ambo ya Kyela, Wamalawi wana makumbusho yenye Malawisaurus wao, na nauli ya kwenda huko si ya ndege.

Kisukuku kinauzwa bei gani?

Hakiuzwi. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, kuchimba kunahitaji leseni na kupeleka nje kunahitaji kibali. Dalali anayekupigia kutoka mjini akidai ana mzungu wa mfupa anakutafutia kesi. Hata hao watafiti hawaji na sururu tu. Wanapita COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Idara ya Mambo ya Kale kwanza.

Sasa nikikiona kimetokeza kwenye korongo nifanyeje?

Kiache. Weka sarafu au kalamu pembeni yake, piga picha ya karibu, kisha rudi nyuma hatua kumi upige ya ukuta mzima wa korongo ili tabaka lionekane. Hifadhi alama ya mahali kwenye simu. Mwambie mwenyekiti wa kijiji na afisa utamaduni wa wilaya. Kama kipande kimekwisha anguka na mvua iko njiani, kiokote, kifunge kwenye gazeti, na uandike mahali juu ya gazeti lenyewe, siyo kichwani.

Mwalimu, wewe umewahi kupata chochote?

Mara moja. Nilikuwa kijana, tunarudi kutoka msibani upande wa Songwe, lori likaharibika. Wakati utingo anahangaika na springi mimi nikashuka kwenye korongo kujinyoosha. Kilikuwa kimelala kwenye mchanga, urefu wa kidole gumba, rangi ya kahawia iliyoiva. Nikakitia mfukoni mwa koti.

Kilikaa kabatini miaka mingi, kwenye kopo la chai. Siku nilipopata mtafiti wa kumwonyesha, alikigeuza taratibu, akakilamba, akatabasamu. Pingili ya mkia, akasema, ya mtambaazi. Kisha akatoa daftari na kuniuliza korongo lipi. Nikamwambia tulikuwa tumepita madaraja mawili. Akauliza kutoka wapi. Nikabaki namtazama.

Alikichukua akakikabidhi panapohusika, na baadaye nilikiona tena, kwenye kiboksi kidogo chenye pamba. Kikaratasi chake kimeandikwa vizuri kwa wino mweusi, aina, tarehe, aliyeleta. Mbele ya neno “mahali” wamepiga mstari.